Bahasha Iliyokatwa Chini

Marehemu alikuwa amelala kifudifudi katikati ya kabati la wahamaji na kabati la mwaka wa kwanza, mkono wa kulia chini ya tumbo, miwani imeangukia pembeni bila kupasuka. Mashine ya kutobolea karatasi, ile kubwa ya chuma ambayo mtu huisimamia ndipo aibonyeze, ilikuwa sakafuni hatua mbili kutoka kichwani. Ilikuwa imefutwa. Aliyeifuta hakuwa na haraka.

Inspekta alichuchumaa, akaitazama maiti, akangoja kusikia chochote moyoni. Hakusikia kitu. Mkewe alikuwa amezikwa wiki tisa zilizopita, na tangu siku ile maiti zote zilikuwa kazi tu na chakula chote kilikuwa kama karatasi iliyolowa. Wenzake kituoni walimsifu kwamba amejikaza kiume. Hakuwa amejikaza. Alikuwa amekufa ganzi, na ganzi haina cha kusifiwa.

"Nani kamwona wa kwanza?"

"Mimi, afande," alisema mwanamke wa usafi, ndoo bado mkononi. "Nimefungua saa moja na nusu asubuhi hii. Nikadhani kaanguka. Nikamwita, Mzee Bahasha, Mzee Bahasha. Halafu nikaona damu."

"Mzee Bahasha?"

"Ndivyo tunavyomwita. Tulivyokuwa tunamwita."

Mzee Bahasha alikuwa Mkuu wa Udahili wa chuo kikuu, aliyefia kazini baada ya miaka thelathini na mmoja tangu aanze ukarani. Hakuna aliyeingia darasani pale bila kupita mikononi mwake. Ofisi ilikuwa na madirisha mawili. La kwanza la wanaoanza: cheti cha sekondari, cheti cha kuzaliwa, picha mbili, nenda zako. La pili la wanaohama kutoka chuo kingine, na hapo ndipo watu walipojuta kuzaliwa: hati ya matokeo ndani ya bahasha iliyofungwa na chuo kilichotangulia, muhuri ukipita juu ya mdomo wa bahasha, masomo yasiyopungua kumi yaliyofaulu, na barua ya mwenendo mwema. Kikikosekana kimoja, rudi kwenu. Juu ya dirisha la pili palibandikwa karatasi yenye maandishi ya mkono: SOMA MWONGOZO. USISIKILIZE WATU WA FOLENI.

Inspekta aliisoma mara mbili, akaingia tena ndani.

Juu ya meza ya marehemu kulikuwa na mashine ya kuskani, taa yake bado inawaka. Kando yake bahasha moja imefunguliwa, na hati ya matokeo imetolewa na kulazwa juu. Kando yake tena kitabu cha mwongozo wa udahili chenye jalada lililopauka. Inspekta alitazama mwaka. Kilikuwa cha miaka ishirini na miwili iliyopita. Ukurasa mmoja ulishikwa kwa klipu. Sentensi moja ilipigiwa mstari wa penseli, na pembeni pameandikwa neno moja: *Yalitosha.*

"Hicho ni cha zamani tu," alisema mwanamke aliyesimama mlangoni. "Tunaingiza mafaili ya zamani kwenye kompyuta. Mzee alikuwa akirudi nyuma mwaka kwa mwaka."

Huyu alikuwa Naibu. Cheo chake ndicho kilichokuwa jina lake, hata walinzi walimwita Mama Naibu. Umri wa miaka arobaini na kitu, blauzi imenyooka, macho makavu.

"Na hii bahasha?"

"Ya yule binti wa jana. Alimtolea Mzee maneno mbele ya foleni nzima. Barua ya mwenendo hakuwa nayo. Alisema atakuja kumzika mama yake hapa mlangoni kwetu."

Daktari wa uchunguzi wa maiti aliinuka, akavua glavu. "Pigo moja, kisogoni. Jana, kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni. Hakujua kilichompiga."

Daftari la mlinzi wa geti likamaliza maneno. Yule binti alikuwa ametoka saa tisa alasiri, kisha akarudi saa kumi na moja, akasaini tena. Saa tano asubuhi alikuwa mahabusu.

*

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alisoma miaka miwili katika chuo cha mbali, akafaulu masomo kumi na moja, ndipo figo za mama yake zikagoma. Mama akawa anahitaji mashine mara tatu kwa wiki, na mashine iko katika hospitali ya mji huu. Binti alirudi kuuguza na kuomba kuhamia chuo cha huku. Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Akilikosa dirisha hilo, achague mwaka mzima bila chuo, au arudi mbali amwachie mama yake Mungu.

"Jana ulirudi ofisini," alisema Inspekta.

"Nilirudi."

"Kufanya nini?"

"Kumbembeleza. Nikakuta dirisha limefungwa. Nikakaa kwenye benchi la nje, nikalia kidogo, nikaondoka."

"Nani alikuona ukilia?"

"Afande, mtu akilia peke yake anatafuta shahidi?"

Sajini, aliyekuwa akiandika, aliinua kichwa. Inspekta hakuinua chake.

"Ulimtishia marehemu."

"Nilisema maneno. Nilikuwa na hasira."

"Yeye alikujibu nini?"

"Hakukasirika hata. Alisema, binti, niletee hiyo barua, bahasha yako itanisubiri hapa. Sitaifungua mpaka barua ije, faili pungufu halifunguliwi."

"Alisema hivyo? Halifunguliwi?"

"Ndivyo alivyosema." Binti alisugua viganja kwenye magoti. "Afande, Ijumaa saa kumi nitakuwa nimetoka?"

  Inspekta alifunga jalada akatoka.

Mkuu wa Upelelezi alimngoja koridoni, mikono nyuma, tumbo mbele. "Ugomvi upo. Muda upo. Bahasha yake iko mezani kwa marehemu na alama za vidole vyake zimo. Unataka nini tena, picha ya harusi?"

"Alama za marehemu zimo pia. Na za Naibu. Wote ni watu wa ofisi, haisemi kitu."

"Za mwizi arobaini, Inspekta. Huyu zake zimefika siku ya kwanza, basi tushukuru. Jumatatu yuko mahakamani."

*

Alhamisi mchana alikuja kituoni mwanamke mwenye bahasha nyeupe kifuani, ameishika kwa mikono miwili. Alikuwa mama mdogo wa binti.

"Ndiyo hii barua ya mwenendo," alisema. "Imekuja na basi leo. Chuo chake cha zamani wameandika ni mtoto mwenye adabu. Soma mwenyewe."

"Mama, mimi si ofisi ya udahili."

"Huko nimetoka. Yule mama wa dirishani kaniambia nimewahi, lakini lazima mwombaji asaini mwenyewe, tena mbele yake. Mwenyewe mnaye nyinyi." Alikaa bila kukaribishwa. "Mwanangu yule haui hata mende. Akimwona anapanda kitandani, anamwita mtu aje amuue. Sasa leo aue mzee mzima na mashine ya chuma?"

"Watu hubadilika wakibanwa."

"Wanabadilika," mama mdogo alikubali. "Lakini wa kwetu akibanwa hulia. Ni ukoo wa kulia sisi. Dada yangu yuko kwenye mashine saa hii anauliza mtoto yuko wapi, namwambia yuko foleni. Kesho nimwambie nini?"

Inspekta aliichukua barua. Alijua kwamba zamani maneno kama haya yangemkaa kooni. Sasa yalipita tu, kama maji juu ya jani la mgomba. Hilo lilimtisha kidogo, na akaushukuru huo uoga kwa sababu ulikuwa kitu.

Mama mdogo alipoondoka, alitoa kabatini kielelezo kilichochukuliwa mezani kwa marehemu, akakilaza mezani ndani ya mfuko wake wa plastiki. Bahasha ya kaki. Mdomo umefungwa, muhuri wa chuo cha mbali umepita juu yake mzima kabisa, duara halina hata ufa. Akaigeuza. Ilikuwa imekatwa upande wa chini, kwa wembe, mkato umenyooka kana kwamba umepigiwa rula.

Alimwita Sajini, akamtupia bahasha mpya iliyobandikwa gundi. "Fungua."

Sajini aliingiza kidole gumba mdomoni mwa bahasha, akaipasua.

Inspekta akashuka na nyingine hadi mahabusu. "Fungua," alimwambia binti. Binti aliipasua vilevile, mdomoni, akachungulia ndani kwa matumaini. Hamkuwa na kitu. Inspekta alijilaumu kwa hilo.

*

Ijumaa asubuhi alikuwa mbele ya kabati la wahamaji. Alivuta faili moja, la pili, la kumi. Kila bahasha ilikuwa imekatwa chini, na kando ya kila mkato paliandikwa tarehe na saini.

"Ndivyo alivyotufundisha Mzee," alisema karani wa dirisha la kwanza, kijana mnene mwenye kikohozi. "Ushahidi wa muhuri uko mdomoni, kwa hiyo mdomo hauguswi. Unakata chini, unaandika tarehe, unasaini. Hata miaka hamsini ipite, mtu anaweza kuja akaona kama bahasha ilifika salama."

"Wewe pia unakata chini?"

"Mimi sifungui bahasha, afande. Wangu ni wa mwaka wa kwanza, wanaleta vyeti mkononi. Bahasha ni za wahamaji. Walikuwa wakizifungua wawili tu, Mzee na Mama Naibu."

"Na Mzee hakuwahi kusahau kusaini?"

Karani alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Mzee angesahau suruali kwanza."

Bahasha ya binti haikuwa na tarehe wala saini. Na marehemu alikuwa ameahidi kutoifungua.

 Inspekta aliomba boksi la mwaka ule ule wa kitabu kilichopauka. Wahamaji wa mwaka huo walikuwa hamsini na saba. Alihesabu mafaili kwa kidole, polepole, kama mtoto anayejifunza namba. Moja mpaka arobaini. Arobaini na mbili mpaka hamsini na saba.

Katika ofisi ya Naibu, nyuma ya dirisha la pili, ukutani juu ya kiti chake, ilining'inia shahada ndani ya fremu ya dhahabu. Alikuwa ameiona Jumatano na macho yake yakaipita tu. Sasa aliisoma mpaka chini, kwenye nambari ya usajili. Ilianza na herufi ya uhamisho na kuishia na arobaini na moja.

Alimpigia simu Sajini. "Saa tisa mlete binti hapa ofisini. Na mama yake mdogo. Barua ninayo mimi."

"Mkuu ameruhusu?"

"Mkuu nitamwambia mimi."

*

Saa nane na nusu aliingia kwa Naibu, akafunga mlango. Askari mmoja alibaki nje.

"Nisaidie kufungua hii, mama."

Ilikuwa bahasha ya kaki, gundi imekauka. Naibu alikuwa akisoma fomu. Aliipokea bila kuitazama, akachukua wembe kwenye kikombe cha kalamu, akaigeuza kichwa chini, akakata. Kisha mkono ukasimama. Alikuwa ameelewa.

"Haina kitu," alisema.

"Haina."

 Nje, kwenye dirisha la kwanza, foleni ya siku ya mwisho ilikuwa ikivuma.

"Mtu wa nje angeipasua mdomo," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayesahihisha fomu. "Nilipaswa kuipasua mdomo. Nilitaka ionekane yule binti karudi kuichukua. Sikufikiri. Mkono ulijiendea wenyewe."

"Mazoea yana taabu. Huna lazima ya kusema neno, mama. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani."

"Andika."

"Faili namba arobaini na moja liko wapi?"

Alivuta droo, akalitoa, akaliweka mezani na kulinyoosha likae sawa na ukingo.

"Siku tatu umekaa nalo. Kwa nini hukulichana?"

Naibu alimtazama kana kwamba amesema upuuzi. "Faili halichanwi."

Inspekta alilifungua. Bahasha ya kale, imekatwa chini, saini ya Mzee Bahasha alipokuwa bado karani. Aliuelekeza mdomo kwenye mwanga wa dirisha. Nusu mbili za muhuri hazikukutana sawasawa. Zilipishana kwa unene wa ukucha.

"Niliifungua kwa mvuke wa birika," alisema Naibu. "Nilikuwa na masomo manane. Nikajiongezea mawili kwa taipureta ya rafiki, nikabandika tena. Mzee akaikata chini, akasaini, nikaingia. Nikamaliza. Wakaniajiri hapahapa. Miaka kumi na tano nimekaa kwenye lile dirisha nikiwarudisha watoto wa watu kwa kukosa somo moja. Nililala vizuri tu, usinifikirie vibaya. Unazoea."

"Jumanne?"

"Saa kumi na moja na nusu aliniita. Mama, njoo uone kitu. Kaiweka bahasha yangu chini ya taa. Kwa kuwa alikuwa akikata chini, mdomo umebaki vilevile nilivyoubandika. Akacheka. Nilidhani ananicheka. Akasema, na kinachoniuma zaidi, mama… Akageuka kuchukua kitu mezani."

"Hukumngoja amalize."

"Kilichomuuma zaidi sikutaka kukisikia. Shahada yangu, kazi yangu, jina langu, kila kitu kilikuwa kwenye ile bahasha. Mashine ilikuwa karibu na mkono." Alitazama mkono wenyewe. "Halafu nikafuta, nikakumbuka yule binti. Nikaenda nyumbani, nikapika, tukala. Nimekuwa nikingoja nilie tangu siku ile. Silii."

Hilo Inspekta alilielewa kuliko alivyotaka kulielewa.

Alitoa kitabu kilichopauka, akakifungua penye klipu, akamgeuzia. "Alikuwa akikichukua hiki. Soma penye penseli."

Naibu alisoma kwa sauti, kwa mazoea ya dirishani. "Mwombaji wa uhamisho awe amefaulu masomo yasiyopungua manane."

Akasimama. Akasoma tena, safari hii midomo tu.

"Manane," alisema.

"Na pembeni?"

"Yalitosha."

"Kumi yalikuja baadaye. Mwaka wako yalikuwa manane. Ungeileta bahasha yako kama ilivyokuwa, ungeingia. Nadhani ndicho kilichomuuma Mzee. Nani alikwambia kumi?"

Naibu alikifunga kitabu. "Kaka mmoja," alisema. "Mbele yangu kwenye foleni. Alikuwa amevaa tai."

Macho yake yakaenda dirishani, kwenye ile karatasi ya onyo aliyoiandika yeye mwenyewe kwa mkono wake na kuibandika juu ya kioo. Kutoka ndani, maandishi yalionekana kinyumenyume.

*

Saa tisa na dakika thelathini na tano. Inspekta aliweka kalamu chini.

"Mzee hayupo. Nani mwingine anagonga muhuri wa wahamaji?"

"Ni mimi tu. Nakaimu."

"Mpaka saa ngapi?"

Naibu aliitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama yeye. "Dirisha linafungwa saa kumi."

Hakuna mafunzo ya polisi yaliyomwambia Inspekta afanye alichofanya. Alitoa mfuko wa plastiki wenye bahasha na hati ya binti, akauweka mezani, na juu yake barua ya mwenendo mwema. Naibu alivuta kiti, akakaa dirishani, akapangusa kioo kwa kiganja.

"Anayefuata," aliita.

Binti alisogea, mama mdogo akimshika mgongo. Nguo zake zilikuwa na mikunjo ya siku tatu. Hakuna aliyewaambia chochote zaidi ya kwamba ameachiwa.

"Barua ya mwenendo?"

"Hiyo hapo, mama."

Naibu aliisoma yote. Aliisoma na hati ya matokeo kupitia plastiki, akihesabu masomo kwa ncha ya kalamu mpaka kumi na moja. Akautazama muhuri wa mdomoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Umesoma mwongozo?"

"Nimesoma."

"Mwenyewe, au umeambiwa na watu?"

"Mwenyewe, mama. Ukurasa wa kumi na nne."

"Saini hapa. Na hapa."

Aligonga muhuri mara mbili, akapuliza wino ukauke, akachana nakala na kuipitisha chini ya kioo. "Umetimiza. Hii uihifadhi, usiipoteze."

Binti aliikunjua, akaisoma, akaanza kulia. Mama mdogo alikuwa ameshatangulia.

"Asante, mama," alisema binti kupitia kioo. "Mungu akulipe kwa hili."

Naibu aliitikia kwa kichwa. Inspekta, aliyesimama nyuma yake na pingu mfukoni, alisikia kitu kikimkaba kooni, kigumu, kichungu, cha kwanza kwa wiki tisa. Alimeza, hakikushuka, akakiacha.

Saa ilionyesha kumi kasoro dakika sita. Foleni ilikuwa imekwisha. Naibu alisawazisha kalamu zake, akaweka mikono miwili juu ya meza, akabaki dirishani kuzingoja zile dakika ziishe. Inspekta alimwacha azingoje.